Bi Apolena na Pua ya Mtawala

Bi Apolena Vrbova anastaafu leo, tarehe 11 Novemba 1597, sikukuu ya Mtakatifu Martin, baada ya kuitumikia karakana ya picha ya kasri la Vranovec kwa miaka thelathini na minne, mwezi mmoja na siku sita. Hizo siku sita kanisisitiza nizitaje, maana alizifanyia kazi akiwa na homa.

Wasifu wa mstaafu kwa kawaida huandikwa na karani, kwa sababu karani ana mwandiko mzuri na hana la kuficha. Safari hii umeandikwa nami, Havel, msaga rangi. Niliomba mwenyewe, na Bwana Jetrich, msimamizi wa kasri, alikubali bila kuniuliza sababu. Sababu ataisikia hapa hapa pamoja nanyi, kabla bata bukini wa karamu hii hawajapoa.

Bi Apolena aliingia kasrini mwaka 1563 akiwa msichana wa kuosha figili. Wakati huo Fundi Prokop, Mungu amrehemu, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kumchora Mtawala kwa namna yake ile: uso mzima umeundwa kwa mazao ya nchi, kila kijiji na kitu chake. Boga la Dubina ndilo paji la uso, matufaha ya Horka ndiyo mashavu, masuke ya ngano ndiyo nyusi. Ukisimama karibu unaona gulio. Ukirudi nyuma hatua kumi, Mtawala anakutazama. Maana yake hapa haina mgeni: Mtawala ameumbwa na watu wake, na kijiji kisichokuwamo usoni ni kama hakimo nchini.

Sasa, Fundi Prokop alikuwa na ukaidi wake. Hakuchora kitu asichokiona kwa macho. Picha moja ilimchukua wiki saba, na tunda halisubiri wiki saba. Ilibidi apatikane mtu wa kuyapokea mazao, kuyafunga kwenye kichwa cha matete kwa umbo la uso, na kuyaweka mabichi mpaka brashi iyafikie. Kazi hiyo ilimshinda mwanamume mmoja, ikamshinda wa pili, ndipo msichana wa figili akaambiwa ajaribu. Aliweka plamu kwenye ukoka wenye umande na pea kwenye mchanga wa handaki la chini ya kasri. Uyoga wa sikio aliubadilisha kila alfajiri, na kila alfajiri alikwenda msituni kutafuta unaofanana na wa jana kwa ukubwa na mkunjo. Fundi hakuwahi kugundua kwamba sikio lile lilikuwa masikio arobaini na tisa.

Wakongwe mtaikumbuka picha ya Maji, iliyotengenezwa kwa samaki watupu. Fundi aliwataka wakiwa hai. Bi Apolena akaangaza macho kasri zima, akaona chombo kimoja tu kinachotosha. Asubuhi yake mke wa Mtawala, marehemu Bibi yetu, akaita kwa sauti ya upole iliyotutisha sote.

"Apolena, nani huyu anayeoga kabla yangu?"

"Ni shavu la kushoto, Bibi," akajibu Apolena, akainama kwa heshima. "Likimaliza litatoka lenyewe."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Siku tisa nzima alioga kwa ndoo kama sisi.

Jana nilikaa nikawaza: yeye mwenyewe, Bi Apolena, angechorwa kwa vitu gani? Mimi ni rahisi, nichoreeni kwa vumbi la madini ya risasi ninayosaga, na kikohozi. Kwake nilikosa kitu kabisa. Nikifikiria kapu, lilikuwa la kubebea paji la uso la mtu mwingine. Nikifikiria kisu, kilikata shina la pua ya mtu mwingine. Miaka thelathini na minne mikono yake imeshika nchi nzima, na hakuna hata kokwa moja iliyokuwa yake. Jambo hili limeninyima raha.

Na hapa niseme lile ambalo hukaa nje ya sherehe. Mtumishi akistaafu na jina safi hupewa nyumba ndogo kando ya bustani ya chini. Bi Apolena hapewi. Katika kitabu cha utumishi jina lake lina alama moja, ya mwaka 1576, na mbele yake limeandikwa neno "uzembe". Kwa hiyo Jumamosi anafungasha nguo zake na kwenda kulala nyuma ya jiko la mpwa wake, mwendo wa siku nne kutoka hapa, kwenye nyumba ambayo tayari ina watu tisa. Wengi wenu mmekuwa mkijiuliza mtu kama huyu alizembea nini. Nitawaambia.

Mwaka ule baridi kali ya Mei iliua maua ya miti yote ya Zalesi, kijiji cha mapea. Mti mmoja tu, ulioegemea ukuta wa kanisa, ulizaa mapea saba, na ndege wakala sita. La saba mzee wa kijiji, Matous, alilileta mwenyewe kwa miguu, kalifunga kwenye kitambaa cha kichwani cha mkewe. Pea la Zalesi ndilo lililokuwa pua ya Mtawala tangu picha ya kwanza. Na mnaujua utaratibu wa Siku ya Pazia: picha ikifunuliwa, kijiji kilichomo usoni husimama ukumbini na kutoa ombi lake, kisichokuwamo hubaki nje ya lango mpaka mwaka mwingine. Mwaka ule Zalesi ilikuwa imeungua. Walihitaji miti ya msitu wa Mtawala waezeke nyumba kabla ya theluji.

Mimi nilikuwa na miezi mitatu kazini. Nilitumwa handakini kuchukua mafuta ya kitani, nikaliona pea limelala mchangani, manjano, peke yake. Sikuuliza ni la nani. Nililila nikiwa nimesimama. Mtu angedhani ningekumbuka utamu wake. Nakumbuka mchanga kwenye meno tu.

Bi Apolena alinikuta nimeshika kikonyo. Alikitazama, akanitazama.

"Umekula pua ya Mtawala," akasema.

Nikaanza kulia. Adhabu ya kuharibu kitu cha picha ilikuwa viboko uani na kufukuzwa siku hiyo hiyo, na nyumbani kwetu nilikuwa mimi tu mwenye kazi.

"Acha kelele. Una miaka mingapi wewe?"

"Kumi na tisa, dada."

"Basi una muda mwingi wa kujuta. Nenda kasage rangi yako. Ukiulizwa, hujui lolote."

Akapanda ngazi akamwambia Fundi Prokop kwamba pea limeoza mikononi mwake, kwa kutolitazama. Karakana nzima ilimsikia akitukanwa. Nami nilisikia, huku nikisaga, nikasaga mpaka rangi ikawa laini kuliko ilivyotakiwa. Msimamizi wa wakati ule akafungua kitabu akaandika, maana kuozewa si sawa na kuharibu, adhabu yake ni alama tu. Apolena akavaa viatu, akaenda Zalesi kwa miguu, siku mbili kwenda na mbili kurudi.

Alirudi na pea kavu la mwaka wa nyuma, lililoanikwa kwa uzi juu ya jiko la nyumba moja, la kahawia na lenye makunyanzi. Nyumba hiyo haikufikiwa na moto.

"Unataka nimchore Mtawala pua ya bibi kizee?" Fundi akauliza.

"Ni pua ya Zalesi, Fundi. Mwaka huu Zalesi iko hivyo."

"Atatunyonga."

"Wewe si ndiye unayesema huchori usichokiona? Basi hili hapa. Lione."

Fundi alizunguka chumba mara kadhaa, akakaa, akachora. Siku ya Pazia ukumbi mzima uliona lile kunyanzi katikati ya uso mnono wa vuli. Mtawala alisogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena. Akauliza pua hii ni ya nani. Mzee Matous akatoka mbele.

"Ni sisi, Mtukufu. Tuliungua."

Miti walipewa siku ile ile, na mikokoteni ya kuibebea juu yake. Fundi alisifiwa kwa picha hiyo mpaka alipokufa. Alama ya Apolena ilibaki kitabuni.

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, na mimi nimekuwa punda miaka ishirini na mmoja. Mara tatu nilimfuata nikamwambia nataka kusema. Mara zote tatu alinijibu neno moja: "Havel, una watoto." Nami nilirudi kwenye jiwe langu la kusagia nikiwa na nafuu moyoni, na nafuu ile ndiyo ninayoionea aibu kuliko hata pea lenyewe. Watoto wameshaoa na kuolewa sasa. Sina tena pa kujifichia.

Sheria ya kitabu cha utumishi inasema alama haifutwi mpaka mwenye kosa aseme kwa kinywa chake mbele ya watumishi wote. Watumishi wote mpo, hata wa zizini naona wameacha farasi. Basi mimi Havel, mwana wa Jira, nililila pea la Zalesi. Bi Apolena hakuzembea hata siku moja, zikiwemo zile sita za homa. Bwana Jetrich, kitabu kiko kwenye meza yako. Futa alama yake, uiandike mbele ya jina langu. Wasaga rangi tunastaafu baada ya miaka ishirini na mitano kwa sababu ya kifua, kwa hiyo zamu yangu imebaki karibu miaka minne, na nyumba ya bustani najua sitaipata. Nimeshamwambia mke wangu. Alininunia siku mbili, kisha akanipigia pasi shati hili.

Bi Apolena, naona unavyonikazia macho, na nitamaliza kusoma hata ukinirushia mkate. Nisamehe kwa kuchelewa. Karakana yote inakushukuru kwa kila alfajiri uliyoingia msituni, na mimi nakushukuru kwa maisha yangu yote tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na majirani wasio na maneno. Kaa mlangoni pako, bustani iko mbele yako. Chuma unachotaka, ule ukiwa umeketi, na tunda likikuozea mikononi, mama, liache lioze.