Mabati ya Masere na Mawe ya Yorkshire

Kijiwe cha Mama Bibiane kilikuwa nyuma ya soko la Bunia, pale barabara ya vumbi jekundu inapokata kona kupanda kwenye nyumba ya zamani ya masere, maana watawa wa kike tunawaita hivyo huku kwetu. Usidhani ni pahali pa fahari. Nguzo chache, mabati ya buluu yaliyopauka, jiko la makaa, birika jeusi, na benchi moja refu la mbao ngumu. Chini ya benchi hilo, kwa mbele, palikuwa na ubao mwembamba, na wanaume walipenda kuegesha viatu vyao pale kana kwamba fundi aliuweka kwa ajili ya viatu. Walikuja walewale kila asubuhi. Étienne waliyemwita Duane, kwa sababu aliwahi kubeba mizigo mpakani Aru na tangu hapo alijihesabu mtu wa forodha. Sylvestre aliyeitwa Avoka, yaani wakili, ingawa mahakamani alifika mara moja tu, kwa kesi ya mbuzi, na akashindwa. Na Katsuva, fundi baiskeli, aliyeitwa Enjenia, jina alilojipa mwenyewe watu wakachoka kubisha. Ilikuwa miaka ile ambayo serikali ilikataza majina ya ubatizo na kila mtu akawa citoyen, mwananchi, lakini kijiweni hapo sheria haikupata kazi ya kufanya.

Asubuhi hiyo Bibiane alikuwa na jiwe moyoni. Jumapili padri alikuwa ametangaza kanisani kwamba masere wanarudi wiki hiyo kufungua nyumba yao na kuweka maternite, pahali pa kujifungulia, ndani yake. Watu walipiga makofi. Bibiane naye alipiga, halafu akakumbuka mabati. Mumewe, marehemu Mathieu, alikuwa seremala wa masere, na wakati wa uasi, watawa walipokimbia, alikwenda kwenye nyumba yao tupu, akashusha mabati ya veranda, akabeba na benchi la kanisa lao dogo. "Tunachunga, Bibiane," alimwambia. "Siku watarudi, tunarudisha." Mathieu alikufa kabla ya siku hiyo, akamwachia watoto, neno lile, na mabati. Sasa chini ya mabati hayo ndipo kahawa ilipopikwa, na bila kahawa watoto wangekula nini? Na kama asingerudisha, Mathieu angekuwa nani midomoni mwa watu? Tangu Jumapili alikuwa akizungusha swali hilo kichwani.

Kwa bahati mbaya alikuwa ametundika kalenda ya zamani, aliyoachiwa na daktari mmoja Mwingereza aliyepita Bunia, ili izibe mahali ambapo mvua ilipenya. Hata siku moja hakuna aliyewahi kuitazama. Leo, ya leo, Duane akaitazama.

— Ninyi muangalie, alisema Duane, akigonga picha kwa kijiko. Hii nyumba kubwa ya mawe haiko na paa. Mwezi wa pili, paa hakuna. Wa tatu, hakuna. Kalenda muzima, hata paa moja!

Bibiane alisikia neno paa, kahawa ikamwagikia makaa.

— Tia sukari, baba, kabla haijapoa, alisema haraka.

— Nilisha tia, mama. Hapa wameandika kwa Kiingereza: nyumba za watawa, jimbo la Yorkshire.

— Weye unajua Kiingereza tangu lini? aliuliza Avoka.

— Nilikuwa Aru!

— Aru wanasema Kilugbara.

— Na Waganda wanapita na lugha gani, ya bata? Acha nisome. Inasema bapadri ba zamani sana, wanaume tupu, walikaa humu. Walilala chumba moja, bote. Usiku wa manane wanaamka kuimba. Moto ya kuota iko fasi moja tu katika nyumba muzima.

— Baridi ya Ulaya, na moto moja? Enjenia alishtuka. Njo maana waliimba. Ni meno ilikuwa inagongana.

— Na walichunga kondoo mingi, mingi kabisa, wanauza manyoya. Sasa angalia hii ya mwezi wa tisa. Hapa kila mutawa iko na kanyumba kake, na kabustani kake. Hasemi na mutu. Chakula wanapitisha kwa katundu ka ukuta, na katundu kamekunjwa kona, ili mwenye kuleta na mwenye kula wasionane uso.

Avoka aliweka kikombe chini kwa heshima.

— Hiyo ni nyumba yangu, Avoka alisema. Tangu ile kesi ya mbuzi, bibi yangu ananipa chakula vile vile.

Walicheka mpaka benchi likalia. Bibiane naye alicheka, akidhani hatari imepita. Lakini Enjenia ni mtu wa kung'ang'ania. Hata tairi lililooza haliachi.

— Bon, na paa?

— Vita, alisema Avoka. Wajerumani.

— Apana, alisema Enjenia. Mimi ni mutu wa ufundi. Hawakuweka paa kwa kusudi. Unaomba, maombi inapanda moja kwa moja, haigongi kitu.

— Na mvua?

— Mvua nayo inashuka moja kwa moja. Ni usawa.

— Ninyi bote hamujui kitu, alisema Duane, na akavuta pumzi ya mtu aliyeshika mihuri. Imeandikwa hapa chini. Mufalme wa Waingereza alitaka kuoa bibi mupya. Papa akakatala. Mufalme akakasirika, akajifanya mukubwa wa kanisa yeye mwenyewe, akafunga nyumba zote za watawa. Paa zilikuwa za risasi, ile madini laini, nzito. Akatoa yote, akayeyusha.

— Sababu ya bibi moja?

— Moja wa kwanza. Kiisha akaongeza.

— Basi ni mufalme alikula mabati, alisema Avoka. Lakini kuta? Kuta pia zimebomoka. Mufalme alibeba na mawe?

Duane alisogeza pua karibu na karatasi, akasoma kwa midomo, na uso wake ukabadilika.

— Apana. Mawe walibeba batu ba pale pale. Jirani. Walijengea mazizi na kuta za mashamba.

Ungedhani ameangusha chungu. Wanaume watatu walipandwa na hasira ya haki, ile hasira tamu ambayo mtu huipata kwa dhambi za nchi ya mbali.

— Jirani! alisema Avoka. Watu walioombewa, walioponeshwa, walioandikiwa batoto yao shuleni!

— Mimi ningekuwa Yorkshire, alisema Enjenia akijipiga kifua, ningebeba kila jiwe kwa kichwa yangu, moja moja, nirudishe.

— Mimi ningewapeleka mahakamani, tribunal kabisa.

— Mimi ningefunga njia yote, alisema Duane. Jiwe haipite bila karatasi.

Bibiane aliwatazama, na hofu yake ikachanganyika na kicheko alichokimeza. Mtaa mzima ulijua kwamba Enjenia alitafutia matundu ya mipira ya baiskeli ndani ya beseni kubwa jeupe ambalo masere walikuwa wakiogeshea watoto wachanga. Mlango wa mbele wa Avoka ulikuwa na kidirisha cha vyuma kidogo, kile ambacho zamani sista alichungulia kabla ya kukufungulia. Na Duane alikuwa na kengele, eti ya mbuzi, lakini mbuzi gani anavaa kengele ya shaba yenye msalaba? Mtaa mzima ulikuwa unachunga. Walichunga kwa muda mrefu mpaka wakasahau kwamba wanachunga, na vitu vikawa vyao kama pua ilivyo ya mtu.

— Na unajua kwa nini Uingereza mvua haiishi? alisema Enjenia, macho yamemtoka. Ni Mungu. Anaipiga ile nyumba kila siku akitafuta paa.

— Mimi nakuambia zaidi, alisema Avoka. Wale watawa walikimbia, wakafika Ubelgiji. Toka Ubelgiji wakaingia mashua, wakashuka Kongo. Masere wetu ya hapa ni bajukuu yao kabisa.

— Masere hazai, weye!

— Bajukuu kwa imani! Hapana kunikata maneno mbele ya tribunal.

Hapo ndipo mwanamke mgeni alipofika. Alikuwa na kitenge chenye vumbi la safari na kifurushi begani, ametoka tu kushuka kwenye lori lililotoka mji wa Fataki. Alisalimu, akaomba kahawa, na wanaume wakasogea kumpa nafasi pembeni mwa benchi. Bibiane aliona mambo mawili. Kwanza, chini ya kitambaa cha shingo palikuwa na msalaba mdogo wa mti. Pili, mgeni hakuweka viatu vyake juu ya ule ubao wa chini. Alivirudisha nyuma polepole, halafu akapitisha kiganja kwenye ukingo wa benchi, kama mtu anayempapasa ng'ombe wa kwao. Bibiane alimmiminia kahawa bila kumtazama usoni.

— Tunasema juu ya wezi ya Uingereza, mama, Duane alimweleza mgeni, akamhadithia yote, mfalme, risasi, mawe na jirani.

Mgeni alisikiliza vizuri, hakucheka.

— Na wale jirani, aliuliza, wakati wa kubeba mawe walisema nini?

— Watasema nini? alisema Avoka. Mwizi anasema siku zote kitu moja: nachunga. Siibi, nachunga tu! Mimi namujua ule wimbo. Ni mwizi mwenye adabu, lakini ni mwizi.

Bibiane alilisikia neno lile. Neno la Mathieu, kwenye mdomo wa mtu aliyefunga nyumba yake kwa mlango wa masere! Hofu ilimtoka yote kwa mara moja, pakabaki hasira, na nyuma ya hasira huzuni.

— Bwana yangu hakuwa mwizi, alisema.

Wote waligeuka. Vikombe vilibaki hewani.

— Nani amesema Mathieu? aliuliza Avoka.

— Mimi njo nasema. Masere, samahani, nimekutambua na msalaba. Hii mabati ya juu yetu ni ya veranda yenu. Na kiti hii unakalia ni ya kanisa yenu. Bwana yangu Mathieu alikuwa seremala kwenu, alibeba wakati wa vita watu wasichome. Aliniambia tunachunga, siku mutarudi turudishe. Yeye hakuweza kungoja. Mimi nimengoja, na tangu Jumapili nilikuwa nataka kunyamaza. Iko hii.

Alipomaliza alikuwa analia, na hakujali. Wanaume walianza, mmoja mmoja, kuondoa viatu vyao kwenye ubao wa kupigia magoti. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

— Mimi ni Adeline, alisema mgeni. Kiti hii naijua, mama. Nilikuwa mutoto wa shule, niliipigia magoti hapa hapa. Mabati, acha kwanza ikae. Mvua iko mingi na weye uko na batoto. Kiangazi ikifika tutaongea, siye na weye. Lakini kiti naitaka leo. Wamama wenye mimba wataanza kukuja kesho, na hakuna fasi ya kukaa, hata jiwe.

Alikunywa kahawa yake mpaka chini, akafunga kitenge vizuri, akainama kushika ncha ya benchi.

— Iko nzito, alisema. Nani atanishikia ule upande?

Swali rahisi, hata mtoto angelijibu. Lakini Duane alishika kiuno, kikamwuma ghafla. Avoka aliangalia saa, na saa hakuwa nayo. Enjenia, mtu wa kubeba Yorkshire yote kichwani, alikazia macho picha ya mwezi wa kwanza kana kwamba amepata jamaa yake pale.

— Musimame, alisema Bibiane.

Wakasimama, maana mtu hawezi kukaa kwenye benchi linaloondoka. Bibiane alishika ule upande, na wanawake wawili wakaanza kupanda barabara, benchi katikati yao, wakipumzika pale walipochoka. Kwenye kona Masere Adeline aliliweka chini, akapangusa jasho, akalikagua miguu yote, misumari, na ule ubao wa chini, uliolika na viatu lakini mzima.

— Mathieu alichunga muzuri, alisema. Hata muguu moja haijavunjika.

Bibiane aliitikia kwa kichwa, na jiwe la moyoni likashuka lenyewe.

— Kesho utapikia kahawa wapi? aliuliza masere.

— Fasi ile kiti iko.

— Basi ulete birika. Wamama watakunywa.

Walipoinama kulishika tena, Bibiane alisikia kishindo, akageuka. Enjenia alikuwa anapanda na beseni jeupe kichwani, maji machafu yakimtiririka mabegani. Nyuma yake Duane, hajashika kiuno tena, alitembea akiibana kengele mfukoni isilie, na ikalia kila hatua. Na nyuma kabisa ulikuja mlango, mlango mzima, umesimama wima barabarani unatembea kwa miguu ya Avoka, na mkewe anaufuata kwa makelele akiuliza leo watafunga nyumba na nini. Avoka alifungua kile kidirisha cha vyuma, akachungulia njia.

— Masere, alisema kutoka ndani, mimi nilikuwa nachunga tu.