Wanafunzi Wanaoinamia Miti

Asubuhi za mwezi wa saba, ukungu wa Ngorongoro hushuka mpaka Karatu na kukaa barabarani kama abiria anayesubiri basi la Arusha. Asubuhi kama hizo hakuna mahali penye joto kuliko benchi lililo mbele ya duka la Seif, kwa sababu pembeni yake ndipo Germana huweka jiko la mkaa na birika la kahawa ya Oldeani. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu wa msonobari uliolazwa juu ya mawe, ncha moja ikielekea dukani na nyingine ikielekea barabarani. Ng'ambo ya barabara umesimama mkaratusi mrefu, umenyooka, na upepo ukivuma unalia kama mlango wenye bawaba kavu. Tangu mwaka wa vita vya Kagera, Seif anasema siku mti ule ukianguka utalibomoa duka lake. Tangu mwaka huohuo, Wilibrodi anasema haufiki. Walishagombana juu ya jambo hilo kwenye jua, kwenye mvua na mara moja msibani.

Wilibrodi ni baba mdogo wa Germana. Benchini anaitwa Redio, kwa kuwa hutangaza habari kabla hazijatokea. Seif, mtu wa Kondoa mwenye tumbo la heshima, anaitwa Robo, maana siku hizi za uhaba dukani kwake kila kitu huuzwa robo: robo sukari, robo mche wa sabuni, hata salamu yake watu husema ni robo. Wa tatu ni Moloimet, mfugaji wa upande wa Ngorongoro, ambaye anaitwa Shahidi, kwa sababu hakuna jambo duniani ambalo hakuliona kwa macho yake mwenyewe.

Asubuhi hiyo Germana alimimina kahawa huku akisubiri neno moja. Wanafunzi wa chuo cha misitu walikuwa wameletwa kwa likizo yao ndefu kujifunza kazi kwa vitendo kule juu msituni, na Bwana Misitu alikuwa akitafuta kijana mmoja wa hapa mjini, anayejua kusoma na kuandika, wa kushika futi na kuandika vipimo. Germana aliacha shule kidato cha pili, mama yake alipougua kule Buger. Mama alipona, lakini alipopona, nafasi ya Germana darasani ilikuwa na mtu mwingine. Sasa lori la misitu lingeondoka kesho alfajiri, na Bwana Misitu alitaka neno la mzazi kabla ya jioni. Hapa Karatu mwenye neno hilo alikuwa baba mdogo. Naye baba mdogo alisema jambo zito kama hilo hawezi kuliamua peke yake. Atalipeleka benchini.

— Haya, waheshimiwa, — alianza Wilibrodi, akiwa kwenye nafasi yake ya siku zote, ncha ya barabarani. — Huyu binti anataka kufuatana na wale wanafunzi. Kabla sijasema ndiyo au hapana, benchi linieleze. Wale watoto wanafanya nini kule msituni?

— Wanapima miti, baba mdogo. Nilishakwambia.

— Wewe mimina kahawa. Nimeuliza benchi.

— Kupima miti! — Seif aliguna. — Mti unapimwa ukishaanguka, ndugu yangu. Mimi juzi nilipita pale juu nikawaona. Binti mzima, kavaa suruali, anaupa mti mgongo. Anainama. Anauchungulia mti katikati ya miguu yake! Halafu anasema, "Bado." Anasogea mbele kidogo, anainama tena. Huko ni kupima?

— Hata mimi nimewaona, — alisema Moloimet.

— Wewe hujawahi kukosa kitu, Shahidi.

— Nimewaona kwa macho haya. Mmoja baada ya mwingine. Vichwa chini, makalio juu.

Wilibrodi aliweka kikombe chini taratibu. Germana aliijua ishara hiyo. Redio ilikuwa imewashwa.

— Sasa nisikilizeni. Mimi nilifanya kazi Oldeani kwenye mashamba ya kahawa, nilimkuta mzee mmoja aliyempikia Mjerumani. Akaniambia, yule Mjerumani alipoona mambo yameharibika, alizika sanduku chini ya mti. Alama aliichonga kwenye gome. Lakini Mjerumani ni mtu mjanja. Aliichonga juu chini!

— Juu chini?

— Juu chini. Ukiitazama umesimama, unaona kovu la mti tu. Ili uisome sharti kichwa kiwe chini. Mnanielewa? Wale si wanafunzi wa misitu. Wale wanatafuta sanduku!

Moloimet alitema mate pembeni kwa heshima ya sanduku.

— Kama ni hivyo, — aliendelea Wilibrodi, macho yakimng'aa, — basi binti aende. Tena aende leo. Akaangalie wanasimama wapi.

Germana aliona mlango umefunguka. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Lakini hakuweza.

— Baba mdogo, hakuna sanduku. Wanatafuta urefu wa mti, wajue utatoa mbao kiasi gani. Bwana Misitu mwenyewe alinieleza.

— Umeona! — Seif alipiga paja. — Mtoto kasema kweli bila kujua. Wajue kila mti una urefu gani. Kwa nini? Kodi! Redio, acha fiksi za sanduku. Serikali imehesabu watu, imehesabu ng'ombe, sasa imebaki miti. Mti mrefu kodi kubwa, mti mfupi kodi ndogo. Na mti ukishakuwa na kodi, kivuli chake nacho?

— Kivuli kina nini?

— Kina kodi! Atakuja karani hapa na saa mkononi. "Ndugu Wilibrodi, umekaa kivulini tangu asubuhi." Utalipa wewe!

— Kivuli cha mkaratusi kinahama, — alisema Moloimet. — Asubuhi kiko huku, jioni kiko kwa fundi baiskeli.

— Basi jioni atalipa fundi baiskeli. Serikali haikosi mtu.

Wilibrodi alianza kukunja uso.

— Basi haendi. Mtoto wa ukoo wetu hawezi kuwatoza watu kodi ya kivuli. Watatulaani mpaka kijijini Daa.

— Baba mdogo! — Germana alikaribia kumwaga kahawa. — Hakuna kodi ya kivuli. Robo ameitunga sasa hivi, nimemwona akiitunga!

— Umemwita mzee Robo?

— Samahani, mzee Seif.

— Nimesamehe, — alisema Seif, ambaye alikuwa ameshaanza kuiamini kodi yake na kuutazama mkaratusi kwa wasiwasi.

Moloimet alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari kwa kijiti. Sasa aliinua kijiti.

— Nyinyi wote ni watu wa mjini. Hamjui msitu. Msituni kuna nini?

— Miti, — alisema Germana.

— Kuna nyati. Nyati akikuona umesimama, anajua mbele yako ni wapi. Anakuja. Lakini mtu akimpa mgongo, akainama, akamtazama katikati ya miguu? Uso uko nyuma, makalio yako juu, kichwa kiko chini. Nyati anasimama. Anajiuliza, huyu mnyama anaelekea wapi? Nimgonge mbele, mbele ni wapi? Anaona haya, anaondoka.

— Shahidi, usituchezee.

— Nimeona kwa macho yangu! Nyati dume. Aliondoka akitikisa kichwa. Wale watoto wanafundishwa dawa ya nyati. Na ni dawa nzuri, mimi nimeshawafundisha wanangu.

Seif alicheka mpaka tumbo likasogeza benchi. Wilibrodi naye alicheka, Germana akacheka mpaka akalazimika kukaa kwenye debe la mkaa. Lakini kicheko kilipopungua, baba mdogo alimgeukia, na sasa hakuwa Redio tena.

— Tumecheka, mwanangu. Ila nikuulize. Wakikwambia uiname hivyo, utainama?

Seif akatazama kahawa yake. Moloimet akatazama barabara. Germana alijua jibu ambalo lingempandisha lorini kesho. Alijua pia kwamba halikuwa la kweli.

— Ndiyo kazi yenyewe, baba mdogo. Wakiniambia niiname, nitainama.

— Basi hapo ndipo penye tatizo. Kodi nitalipa, nyati atakimbia. Lakini mtoto wa kaka yangu, nguo juu kichwa chini, watu wanapita! Nitawaambia nini wa Buger? Nitasema mama yake alimlea, mimi nikampeleka kuinamia miti? Hapana. Aibu hiyo siiwezi.

Germana alichukua kitambaa, akaanza kufuta vikombe ambavyo vilikuwa vimeshafutwa.

Wakati huo, ukungu ukianza kuinuka, akatokea binti barabarani, amevaa suruali na mabuti yenye matope, futi ndefu imening'inia begani. Aliwaamkia wazee shikamoo, akasema anaitwa Chausiku, mwanafunzi wa chuo cha misitu, ametumwa na Bwana Misitu kusikiliza jibu la Germana. Badala ya jibu, Germana alimmiminia kahawa. Upepo ukavuma, mkaratusi ukalia.

— Unausikia huo? — Seif hakuweza kujizuia hata mbele ya mgeni. — Ukianguka huo, duka langu kwaheri.

— Haufiki! — alisema Wilibrodi.

— Unafika!

— Haufiki, Robo!

Chausiku aliutazama mti, akalitazama duka.

— Kwani mti wenyewe una urefu gani?

Seif akainua mkono juu kama anayetaka kuonyesha, akaona hautoshi, akaushusha. Moloimet alijikuna shingo. Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kuulizwa.

— Ni rahisi, wazee. Tuna chombo chake, lakini ni kimoja na anakaa nacho mwalimu. Bila chombo unaupa mti mgongo, unaondoka. Unasimama, unainama, unautazama katikati ya miguu. Usipoona kilele, bado uko karibu, ongeza mwendo. Pale kilele kinapoanza kuonekana, ndipo kitakapofika mti ukianguka. Si sawasawa kabisa, maana kila mtu na mwili wake, lakini ni karibu na kweli.

Germana alishaweka kitambaa chini, akafunga kitenge vizuri kiunoni.

— Mimi najaribu.

— Wewe unakaa! — Wilibrodi alisimama. Alimtazama Seif, akautazama mkaratusi. Ilionekana wazi moyo wake unavutwa huku na huku. — Kama ni lazima mtu wa ukoo huu ainame, basi nitainama mimi. Huyu Robo lazima anyamaze leo.

Akavuka barabara, akaugusa mti, akaupa mgongo na kuanza kurudi. Katikati ya barabara aliinama.

— Naona shina tu!

— Bado, mzee. Njoo!

Akaja mpaka ukingo wa barabara. Akainama, koti likamfunika masikio.

— Naona matawi!

— Bado!

Seif hakuweza kuvumilia kuachiwa jambo kubwa namna hiyo. Alikwenda kwenye kizingiti cha duka lake, akashika magoti, akainama kadiri tumbo lilivyoruhusu.

— Nauona! Nakiona kilele, na mbingu tele juu yake!

— Basi mzee Seif, hapo haufiki, — alisema Chausiku.

— Haufiki? — Sauti ya Seif ilikuwa ya mtu aliyeokoka na kushindwa kwa wakati mmoja.

Wilibrodi alipiga ukelele wa ushindi, akasogea tena, safari hii mpaka kwenye benchi, akainama palepale kwenye ncha ya barabarani. Moloimet naye alijitosa kando yake, mguu wake ukaligonga birika. Kahawa yote ikakimbilia mtaroni, na hakuna aliyegeuka kuitazama.

— Nimekiona! — alipaza sauti Wilibrodi. — Kilele hicho! Kimegusa anga!

— Umesimama wapi, Redio? — Moloimet aliuliza, kichwa chini.

Wilibrodi alikuwa amesimama mahali anapokaa kila siku tangu mwaka wa vita.

— Haufiki dukani, — alisema Seif polepole, furaha ikianza kumrudia. — Unafika kichwani kwako!

Katikati ya kicheko hicho mtu mwingine alisimama barabarani. Alikuwa Bibi Lusia, mama mkwe wa Wilibrodi, anatoka mashineni na mfuko wa unga kichwani.

— Wilibrodi, umepoteza nini?

— Shikamoo, mama, — ilisema sauti kutoka katikati ya miguu.

— Marahaba. Nimekuuliza umepoteza nini.

— Anapima mti, bibi, — alisema Germana.

Wilibrodi aliinuka taratibu, uso umeiva. Alijipangusa vumbi kwenye paji la uso. Kwanza alimwona mama mkwe, kisha fundi baiskeli na wateja wake, wote wakimtazama. Halafu akamwona Germana, ambaye hakuwa anacheka.

— Baba mdogo. Kesho niende?

— Sema aibu tena, Redio, — alinong'ona Seif. — Tukusikie.

Wilibrodi alikohoa. Aliutazama mkaratusi kwa muda, kama mtu aliyetambulishwa upya kwa jirani.

— Nenda. Lakini hutainama na gauni. Ile suruali yangu ya Oldeani, ile ngumu, iko darini. Mwambie mama yako mdogo akutolee, uifunge kwa kamba.

Germana alimshika mikono yote miwili, kisha akamshika Chausiku, kisha kwa bahati mbaya akamkumbatia Moloimet. Akavuta pumzi, akaokota birika.

Bibi Lusia alikuwa ameshatua unga wake na kukaa benchini, ncha ya dukani.

— Nimeganda. Nipe kahawa, mjukuu wangu.

— Imemwagika, bibi. Yote.

— Basi nitakuja kesho. Kesho atapika nani?

Wilibrodi alimtazama Seif. Seif alimtazama Moloimet. Moloimet, ambaye ameona kila kitu kwa macho yake, alilitazama jiko la mkaa kama linatoka nchi nyingine. Germana alikuwa ameshafika kwenye kona ya nyumbani, anakimbia, akimwita mama mdogo alete ngazi.