Miguu ya Stamat, Mchoma Makaa

Marehemu Stamat Yanev Kaludov alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 katika kijiji chetu cha Valchi Dere, milima ya Strandzha, nchini Bulgaria, akiwa mtoto wa pili wa mzee Yane na mama Kerana. Alisoma hapa hapa hadi darasa la saba, kisha akamfuata baba yake msituni kuchoma makaa, kazi aliyoifanya mpaka uzee.

Mwaka 1976 alimposa Zlata akisema, "Nanuka moshi, lakini kwangu hutasikia baridi." Zlata akamjibu, "Basi kaoge kwanza, ndipo uongee na baba." Wakafunga ndoa vuli hiyo hiyo, wakajaliwa binti mmoja, Rada.

Kila tarehe 3 Juni, sikukuu ya Watakatifu Konstantino na Helena, Stamat alikumbatia picha ya watakatifu akacheza peku juu ya makaa ya moto, kama bibi yake. Sote tumelelewa tukijua kwamba aliyeitwa na mtakatifu haungui. Akiungua, ameachwa.

Mwaka 2011 aligundulika kuwa na kisukari. Nyayo zikaanza kumwaka kitandani, hata shuka hakuivumilia. Zlata alihangaika huku na huko: marhamu ya pilipili, matope ya chumvi kutoka ziwa la Pomorie, vidonge vya mishipa ya fahamu vilivyomfanya asinzie mezani. Majira ya kuchipua ya 2018 maumivu yakakoma ghafla. Majirani wakaja na pombe kali ya rakia kushangilia muujiza.

Daktari hakushangilia. "Mzee, hujapona. Miguu imekufa ganzi. Dawa ya kuirudishia hisia hatuna. Tushushe sukari, na kila siku mtu aikague miguu."

Stamat aliamini muujiza. Juni ile alicheza kuliko wote, akatoka, akavaa soksi haraka. Hakuzivua tena mbele ya mkewe, mpaka harufu ikajaa chumbani.

"Baba Rada, vua soksi."

"Niache."

"Vua, nakwambia!"

"Watasema mtakatifu amenikana, Zlata."

Mguu wa kushoto ulikatwa mwezi Julai.

Tangu hapo hofu ilihamia nyumbani mwao. Mtu aliyecheza motoni akaogopa maji ya vuguvugu, akaogopa kokoto ndani ya kiatu. Kila jioni aliuweka mguu wa kulia mapajani mwa Zlata, akafumba macho.

"Kuna kitu?"

"Hakuna."

"Tazama tena, mama Rada. Usinifiche."

Naye alitazama tena, akiweka kioo chini ya unyayo, akiogopa kuliko mumewe.

Stamat alifariki tarehe 21 Novemba 2023 kwa maradhi ya moyo, akiwa mezani kwake. Ameacha mjane wake Zlata, binti yake Rada, mkwe wake Dobri na mjukuu wake Kalin.

Mjane ameomba na hili lisomwe. Jana, kabla ya kumvalisha, alikishika kile kioo akautazama mguu wa kulia mara ya mwisho. Ulikuwa mzima.

"Hakuna kitu, baba Rada," alimwambia. "Sasa usiogope."

Udongo wa Strandzha uwe mwepesi juu yake, apumzike kwa amani.