Ukurasa Ambao Zenon Hakuthubutu Kuuvuta

Historia hii ilisimuliwa kwa mara ya kwanza na marehemu mwenyewe, Mzee Fabiani Kasonso, siku ya Jumamosi tarehe 14 Agosti 2021, akiwa ameketi nje ya nyumba yake hapa Mollo. Aliyesimuliwa ni binti yake Jenifa, ambaye aliiandika yote katika daftari, na marehemu akaisoma, akasahihisha tarehe mbili, akaagiza isomwe siku ya mazishi yake pasipo kupunguzwa neno, jirani yake Zenon Sichalwe akiwa amekaa anasikia. Habari za yaliyotokea baada ya siku hiyo ndizo pekee zilizoongezwa na familia.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1949 hapa hapa Mollo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa wazazi wakulima wa mahindi na ulezi, akabatizwa siku ya nane, akaanza darasa la kwanza katika shule ya misheni mwaka 1958, akamaliza darasa la nane mwaka 1965. Alikuwa na sauti ya kusoma ambayo wazee walisema inafika mtoni, na kwa sababu hiyo alichaguliwa kwenda kusomea ukatekista, akahitimu mwezi Novemba 1971, akakabidhiwa kigango chetu mwezi Januari mwaka uliofuata. Kwa kuwa padre alifika kwetu mara tatu au nne tu kwa mwaka, Jumapili nyingine zote ni marehemu aliyeongoza ibada, aliyefundisha watoto Komunyo ya kwanza na aliyezika wafu.

Tarehe 6 Oktoba 1973 alifunga ndoa na Hellena, mjane tunayemfariji leo, na Mungu akawajalia watoto watatu, Timoth, Jenifa na Flavian.

Mwezi Septemba 1986 marehemu alikwenda mjini kwa semina ya makatekista, akakaa huko wiki tisa, na aliporudi, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha, alikuta safu ya mikonge iliyotenganisha shamba lake na la Zenon Sichalwe imeng'olewa, na machipukizi mapya yamepandwa ndani ya shamba lake, hatua tisa kutoka pale baba yake alipoweka mpaka. Alipomwendea Zenon kumuuliza, Zenon alimjibu mbele za watu, "Mwalimu, mikonge haina miguu, labda wewe ndiye umerudi na hatua ndefu za mjini," na watu wakacheka, kwa sababu Zenon alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya kigango, mcheshi, na mtu ambaye wengi hapa waliazima plau kwake.

Jumapili ya tarehe 14 Desemba 1986, marehemu aliweka kando somo lililopangwa, akafungua Kumbukumbu la Torati, sura ya ishirini na saba, mahali ambapo laana zinasomwa moja baada ya nyingine na kila moja watu wote wanapaswa kuiitikia kwa kusema Amina. Marehemu hakukataa kamwe kwamba siku ile aliifanya mimbari kuwa fimbo yake, na historia hii nayo haimfichi. Zenon, aliyekuwa amekaa benchi la mbele na aliyezoea kuwatangulia wote kwa kuitikia, alianza kusema Amina kwa sauti yake kubwa tangu laana ya kwanza, na aliposomewa ile ya mtu anayeuondoa mpaka wa jirani yake, aliitikia upesi na kwa nguvu kuliko zote, na Hellena, mkewe marehemu, akashindwa kujizuia, akasema kutoka upande wa akina mama, "Jamani, mwenyekiti kaitikia mwenyewe!" Kanisa zima likaangua kicheko, hata wazee walioshika rozari, na Zenon akatoka nje kabla ya sala ya waamini.

Siku sita baadaye, Jumamosi tarehe 20 Desemba, halmashauri ilikaa, Zenon akiwa mwenyekiti, na mashtaka yakawa kwamba katekista amebuni maneno yake mwenyewe na kuyaweka kinywani mwa Mungu. Biblia ya kigango, ambayo ilikuwa moja tu na ilifungiwa kabatini kwa ufunguo aliokaa nao Zenon, ililetwa mezani ikafunguliwa, na ukurasa ule haukuwemo. Marehemu aliwaonyesha ukingo uliochanwa, ungali mweupe, na Zenon akasema, "Na aliyeuchana ni nani, kama si yeye aliyeogopa tusome tuone hayamo?" Wajumbe tisa walipiga kura, wawili tu wakiwa upande wa marehemu, na hao wawili wamekwisha kutangulia mbele za haki.

Padre alipofika kabla ya Pasaka ya mwaka 1987 alisema wazi kwamba aya ile imo katika kila Biblia, lakini akaambiwa kwamba katekista ameharibu Kitabu kitakatifu na kuligawa kanisa, naye kwa ajili ya amani ya kigango akamwondoa katika kazi. Ndivyo marehemu alivyovuliwa kazi aliyoifanya miaka kumi na mitano, na watoto waliofundishwa naye sala wakawa wanapita njiani wakimwita Mzee Sura-Haipo.

Tangu hapo marehemu alirudi kulima, akanunua Biblia yake mwenyewe mjini, na kila mwaka siku ya kwanza ya kupanda alisimama penye mikonge ile mipya akaisoma aya ile kwa sauti, kisha akangoja. Mahindi ya Zenon yalistawi, hasa katika zile hatua tisa, ng'ombe wake walizaana, watoto wake wakasoma hadi vyuo. Marehemu alimwambia mkewe kwamba hagombei tena shamba, anachotaka kujua ni jambo moja tu, kama maneno yale yametoka kwa Mungu kweli au ni ya wazee wa kale waliokuwa na hasira na majirani zao kama yeye, kwa maana kama ni ya Mungu yangeuma, na kama si ya Mungu, basi amevuliwa kazi yake kwa ajili ya karatasi.

Tarehe 9 Julai 2003, Timoth, mtoto wake wa kwanza, alifariki kwa ajali ya lori akiwa na umri wa miaka ishirini na minane. Zenon alikuja msibani, kwa sababu huku kwetu asiyekwenda kuzika atajizika mwenyewe, akaketi na wanaume penye moto, na alipoona marehemu anapita akasema bila kunong'ona, "Ile Amina ya mwaka themanini na sita, hatimaye imempata nani, jamani?" Waliokuwapo walitazama chini, hakuna aliyemkemea, na baadhi yao wameketi hapa leo.

Baada ya maziko marehemu aliifunga Biblia yake katika gunia, akaitundika kwenye kihenge cha ulezi. Aliendelea kwenda kanisani kwa heshima ya mkewe, lakini kwa miaka kumi na minane hakusema tena Amina, mdomo wake ulibaki umefungwa kila wengine walipoitikia, na kigango chote kiliona.

Siku ya Ijumaa tarehe 13 Agosti 2021, saa nne asubuhi, Mama Rozina, mkewe Zenon, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba na aliyejua hana siku nyingi, alikuja kwa mkongojo, akamwamkia marehemu shikamoo, akafungua fundo la kanga yake akatoa ukurasa ule. Alisema, "Kaka, huu umekaa kwangu miaka thelathini na minne, nimechoka kuulinda." Alieleza kwamba mumewe aliuchana usiku uleule wa kicheko, akataka kuuchoma, akawasha kiberiti mara tatu na mara tatu akakizima mwenyewe, kisha akaufungia ndani ya debe la mbegu. Wote tunajua kwamba Zenon ni mvutaji, na kwamba karatasi ya Biblia kwa wembamba wake ndiyo inayopendwa kusokotea tumbaku, na kwamba mtu huyu amevuta madaftari ya watoto wake na hata kalenda ya misheni, lakini ukurasa ule hakuuvuta. Mama Rozina alisema kwamba kila mwaka majira ya radi yalipoanza, Zenon alikihama chumba lilimokuwa debe lile, akalala jikoni penye majivu hadi mvua zilipokatika, na mkewe alipomuuliza anaogopa nini alimjibu, "Nyamaza, wewe, hukuitikia."

Marehemu aliposikia hayo alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, akamwambia mkewe ashushe lile gunia kihengeni. Alisema kwamba alikuwa amengoja laana iingie shambani kwa Zenon, kumbe ilikuwa imeingia nyumbani mwake tangu siku ya kwanza, na kwamba yeye katekista alipoanza kuyaona maneno yale kuwa karatasi, mwizi wake hakuwahi kuyaona hivyo hata siku moja. Kisha akasema Amina, na Hellena akalia.

Mama Rozina aliomba msamaha kwa niaba ya mumewe, na marehemu akajibu, "Wewe nimekusamehe, dada. Yeye ana miguu mizima, aje." Mama Rozina alifariki tarehe 2 Februari 2022. Marehemu aliweka kigoda cha pili mlangoni pake kila asubuhi kwa karibu miaka minne, na kigoda hicho hakikukaliwa.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwezi Novemba 2024, akapata kiharusi tarehe 3 Juni 2025, akalazwa mjini, na tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Jenifa kule Mazwi waliotulisha siku zote za hospitali, makatekista wenzake waliokuja kutoka Izia na vigango vya jirani, na wote walioacha mavuno yao wakaja kutusaidia kuchimba kaburi.

Kaburi hilo, kama marehemu alivyoagiza, limechimbwa ukingoni mwa shamba lake, hatua moja kutoka mikonge ya mwaka 1986. Msalaba utaandikwa jina lake, na chini yake sura na aya, bila maneno, ili kila atakayepita na jembe, akitaka kujua, afungue Kitabu mwenyewe. Ukurasa wenyewe umo katika Biblia yake hii iliyoshushwa kihengeni, na baada ya historia hii utasomwa, nasi sote tutaitikia kama ilivyoandikwa.

Kati ya waliotajwa, Timoth na Mama Rozina wametangulia, Hellena, Jenifa na Flavian wako hai, na Zenon Sichalwe yuko hai, ana umri wa miaka themanini na moja, ameketi benchi la pili, na amesikia.

Lala salama, Baba, hapo mpakani. Sasa ni zamu yake kungoja.