Mzee Mutai Astaafu kwa Mara ya Nne

Baada ya miaka kumi na tisa ya ulinzi hapa Doha, mingi yake katika jumba letu la makazi kule The Pearl, Mzee Cornelius Mutai, mkuu wa walinzi wa zamu ya mchana, anastaafu rasmi tarehe 31 Oktoba. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Sisi wenzake tumeipokea habari hii kwa heshima, kwa furaha, na kwa jicho la pembeni, kwa sababu tumeshamuaga mara tatu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mimi Nyanchama wa chumba cha kamera ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu, na ndiye niliyeandika uliopita. Kusema kweli ningebadilisha tarehe tu nikaenda zangu kulala.

Mzee alikuja Doha kutoka Bomet, Kenya, akiwa na suti moja ya kahawia na imani kwamba kila binadamu ana jambo analoficha. Imani hiyo imetulinda. Ndiye aliyekataa keki ya harusi isipandishwe ghorofani, eti walioibeba hawakulijua jina la bibi harusi. Zilipigwa kelele, mudiri, meneja wa jumba, akaitwa, krimu ikaanza kuyeyuka. Kumbe harusi ilikuwa jumba la pili! Walinzi aliowafundisha leo ni wasimamizi hadi Lusail na Al Wakra, na wote hulikumbuka somo lake la kwanza: anayetabasamu kabla ya kusalimu, mtazame mikono.

Basi mwalimu wa kushuku asinune wanafunzi wakimshuku.

Mara ya kwanza alipostaafu, mkewe Milcah alichinja mbuzi akaalika kanisa zima. Miezi michache baadaye Mzee akarudi kwetu na viza mpya, akisingizia paa la nyumba. Mara ya pili Milcah alichinja kuku. Mzee akarudi, safari hiyo kisa kikiwa ng'ombe aliyekufa. Mara ya tatu, Kombe la Dunia lilipokwisha, Milcah alimpikia chai. Aliporudi hakutoa hata sababu, alisema tu kwamba Bomet kuna baridi. Na kila alipoondoka alijigamba pale ukumbini: khalas, Doha nimeimaliza!

Sasa kimebadilika nini? Hapa sina budi kuwaeleza habari za televisheni. Kwenye makazi yetu sisi wafanyakazi, Al Rayyan, kila Ijumaa, waliotoka kanisani na waliotoka msikitini wakishakula, tunakusanyika kutazama komedi moja ya Waingereza. Sisi tunaiita Wazee wa Chai, maana mle hakuna linalotokea ila wazee wa kijiji kugombania ua la miti kisha kubandika birika. Imeonyeshwa miaka mingi, waigizaji wameota mvi mbele ya macho yetu. Mzee Mutai hakosi. Rimoti ni yake, na hakuna hadithi asiyoishuku.

Mwezi wa nane tukafika sehemu za mwishomwisho. Katika sehemu moja, mzee wa posta anaagwa kwa keki na hotuba, kijiji kinalia. Kesho yake asubuhi, huyo! Yuko nyuma ya meza ileile na kofia yake, anauza stempu. Watu wa kwenye televisheni wakaangua kicheko, na sisi tukaanza ubishi. Kiptoo wa lango kuu alisema waandishi wameishiwa, wanatupashia mboga ya jana. Trevor, Mganda wetu wa maegesho, alishuku kwamba mwigizaji ndiye amegoma kuachia mshahara. Nasimiyu wa dobi aliipenda mno, akasema mzee wa watu amejua raha yake iko wapi. Kisha Jebet wa mapokezi, ambaye kwa kawaida hasemi, akasema kwamba yule mzee hapendi kazi, anaogopa nyumbani.

Hakuna aliyethubutu kumtazama Mzee Mutai. Yeye alifoka. Alisema Jebet ni mtoto, hajui kitu. Mtu akikaa mbali miaka yote hiyo, akirudi hajui hata swichi ya taa iko ukuta upi, anakuwa mgeni wa kuandaliwa chakula kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Halafu akajishtukia, kwa kuwa televisheni haikuwa imesema lolote la namna hiyo.

Akampigia Milcah palepale, spika wazi, akitaka tumsikie mkewe akimtetea. Akamsimulia sehemu nzima. Milcah alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: na mke wake alisema nini?

Jamani! Walinzi wazima, tunaolipwa kwa kutazama, hatukuwa tumemwona huyo mke. Kiptoo aliapa kwamba mzee wa posta hana mke. Trevor akasema alishakufa. Ikabidi turudishe nyuma. Yupo. Anaonekana dirishani mume akitoka na kofia yake. Mezani ameandaa vikombe viwili. Anakichukua kimoja, anakirudisha kabatini, hasemi neno, na watu wanacheka kwa sababu ya kofia. Mzee Mutai aliirudia na kuirudia mpaka Nasimiyu akamnyang'anya rimoti.

Milcah alikuwa bado yuko kwenye simu. Alipoelezwa, alisema kwa upole kwamba Cornelius akija kupumzika tu ndipo arudi Doha, basi asije, hataweza kumpokea tena. Akija kukaa, aje. Akakata simu.

Jumapili Mzee akaenda ofisini kuomba kustaafu. Je, tulimwamini? Thubutu! Godoro amempa Trevor, lakini hata mara ya tatu aligawa godoro. Jebet ndiye aliyekata shauri kumuuliza waziwazi kama anaogopa kwenda. Mzee akasema ndiyo, anaogopa sana, hajawahi kuogopa hivi tangu azaliwe. Mara tatu zile aliondoka akijigamba. Safari hii anakiri woga na bado anafunga mizigo. Mimi hapo nimeamini.

Mzee wetu, asante kwa kutufumbua macho. Tunakupenda na tutakukosa vibaya. Mungu akuandalie siku nyingi tulivu na Milcah, na mzoeane upya polepole. Lakini sikia. Siku ukionekana hapa na begi na kisingizio kipya, Kiptoo yuko langoni, Jebet yuko mapokezi, nami nakuona kwenye kamera. Tutakuuliza jina kama mgeni yeyote, utalitaja, na hatutakufungulia.