Mlima wa Zege Nyuma ya Nyumba ya Cherehani

Benchi letu linatazamana na eneo inakojengwa barabara ya juu. Asubuhi ile kahawa ilinywewa bila kelele, kwa sababu macho yetu yalikuwa kwenye mlima wa matofali makubwa ya zege, yaliyopangwa juu ya nguzo moja iliyozamishwa kwenye udongo laini kama uji. Mafundi walitaka kujua kama nguzo itahimili au itadidimia, kabla ya kuitwisha daraja. Wakazi wa jirani waliamriwa wahame mpaka upimaji uishe. Nyumba iliyo karibu kuliko zote ni ya Cherehani, mshonaji, anayeishi na mama yake asiyeweza kutembea.

Betri, fundi redio, alishikilia kwamba chini yetu hakuna ardhi, ni bahari iliyofunikwa tope. Waziri, karani mstaafu, akamwambia aache hizo, kisha akaleta kubwa zaidi: nguzo zinashuka mpaka zinatokeza upande wa pili wa dunia.

— Basi na huko wamekaa kijiweni, wanaulizana hii ncha ya nani, Betri akasema.

Tulicheka kidogo. Cherehani hakucheka.

— Mama umempeleka wapi? nikamwuliza.

— Yuko salama, Mwalimu.

Alijibu akikitazama kikombe. Mama huyo, miguu yake ilipokuwa bado nzima, ndiye aliyekuwa akimgeuza mke wangu kitandani, alipokuwa hawezi tena kujigeuza. Namjua: akisema hatoki, hatoki. Nilitaka kuuliza tena, lakini Waziri alishaanza kueleza jinsi mtaa mzima utakavyoteleza kama sahani kwenye meza yenye maji, na Betri akawa anabisha ni nyumba ipi itatangulia.

Chuma kikalia kule ng'ambo, mlio mrefu, kama mlango mzito unaofunguliwa polepole.

Binti mwenye kofia ngumu, mmoja wa wapimaji, alivuka barabara mbio.

— Shikamooni, wazee. Mzigo umeanza kuinamia upande wa nyumba. Ile yenye pazia la kijani, kuna mtu ndani?

Waziri akamtazama Betri. Betri akanitazama mimi. Nami nikamtazama Cherehani, aliyekwisha kusimama, macho kwenye lile pazia lake.

Binti alimwangalia usoni, hakungoja zaidi. Akageuka, akakimbilia kule kule tulikokatazwa kusogea. Cherehani akamfuata. Nami nikamfuata Cherehani.