Salfa Inayoelea

Sogeeni, wanangu, na wewe Gibson ondoka hapo mlangoni ukae ninapoweza kukuona, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema neno mara mbili. Shamba la kahawa la hapa Isansa mligawane, mpaka ukiwa mfereji: upande wa juu wa Priska, wa chini wa Gibson, hilo limekwisha, asije mtu kulifufua kwenye kaburi langu. Linalonizuia kuondoka ni dawa ya chunusi.

Tangu nilipostaafu kufundisha kemia nimeitengeneza kwa njia moja: sehemu moja ya salfa ya famasi kwa sehemu kumi na tisa za mafuta ya mgando, salfa ikisagwa kwanza na glisrini ndani ya kinu cha kauri hadi kidole kisihisi chembe, kisha ijaribiwe ndani ya mkono kabla ya kugusa uso wa mtu. Hupakwa chunusi yenyewe, si uso mzima. Watu wa Tunduma hawakuwa wakinunua unjano wake, waliniamini.

Sasa mjukuu wangu Ikupa amelala chumba cha pili, shavu limebabuka, na mama yake, Priska, kwa kumkinga mdogo wake Gibson, ananiambia ni jua. Mama Ikupa, mficha maradhi kifo humuumbua. Sogeza glasi hizo mbili za maji. Katika ya kwanza nyunyiza salfa ya kopo langu: mnaona inaelea, kwa kuwa salfa safi na maji havipatani. Katika ya pili tia ile aliyotengenezea dawa Gibson juzi. Imezama, na maji yamekuwa kama maziwa. Hiyo imechanganywa na kitu cha kuifanya ikubali maji na kushika majani, ni ya kupulizia nyanya, imetoka stoo yetu, nawe Gibson nilipokuuliza ukanijibu, “Baba, njano ni njano.”

Kesho asubuhi vikopo vyako vya dawa hiyo vinakwenda Tunduma, na jioni vitakuwa vimevuka mpaka hadi Nakonde, kwenye nyuso za mabinti wasiokujua hata jina. Ukisema havina neno, sitabishana nawe. Fungua kimoja. Chota. Jipake shavuni, hapa, mbele yangu.

Mbona mkono umesimama?

Basi umekwisha kujihukumu, sina la kuongeza. Vikopo vyote vifukiwe leo, mbali na mfereji. Ikupa aoshwe kwa maji matupu, apelekwe hospitali, na daktari aambiwe ukweli hata ukituaibisha. Kinu namwachia Priska. Usinune, mwanangu, sijakufukuza: utasaga chini ya macho ya dada yako, na kila mtakachotengeneza kitaanzia kwenye ngozi yako, hadi siku atakapokukabidhi mchi kwa mkono wake.

Nipeni mikono… wote wawili… Mungu awape macho makali, na mikono isiyo na pupa… Maji hayo msiyamwage. Yawekeni dirishani… Ikupa akiamka, Gibson, umwonyeshe wewe… umwambie wewe mwenyewe… kwamba si jua.